Jeraha Nililolifuta kwa Penseli

Kosa langu kubwa la mwanzo lilikuwa kumponya mtu kabla ya wakati wake. Nilimponya kwa penseli, mchana kweupe, nikiwa nimekaa kwenye kiti changu studio, na nilipomaliza nikajisifu. Kijana alikuja na shavu lililochanika; kwenye karatasi yangu akatoka na shavu laini la bwana harusi. Tatizo ni kwamba picha ile haikuwa ya harusi. Ilikuwa ya polisi.

Nawaandikia nyie vijana mnaopiga picha kwa simu, hasa nyie mnaopita nyumbani kwangu na kuniuliza, "Mzee Leonsi, zamani mlikuwa mnafanyaje bila filta?" Tulikuwa nazo. Filta yangu mimi ilikuwa penseli, na nilikuwa hodari kwayo kuliko mtu yeyote Mpanda. Sijivuni. Nawaambia kwa sababu uhodari wenyewe ndio ulioniponza.

Naomba niwaeleze taratibu, maana bila kuielewa penseli hamtaielewa kesi. Enzi hizo, miaka ya tisini, filamu ya rangi tuliipeleka Tabora kwa treni tukasubiri irudi, lakini ya nyeusi na nyeupe niliisafisha mwenyewe. Kusafisha ndivyo tulivyoiita ile kazi ya kutoa picha kwa dawa. Kwenye negativu, yaani filamu iliyotoka kwenye dawa, kila kitu kimegeuka: cheusi ni cheupe, cheupe ni cheusi. Kovu, chunusi, mkunjo wa paji la uso, vyote hivyo vinavyotoka vyeusi kwenye picha, kwenye negativu vinaonekana kama vidirisha vinavyopitisha mwanga. Sasa unapaka vanishi kidogo ili penseli ishike. Unachonga penseli mpaka ncha iwe kama sindano. Unainamia kioo kilichomulikwa kwa chini, na unaviziba vile vidirisha kwa vidoti vidogo vidogo, huku umebana pumzi. Ukisafisha picha, kovu halipo. Mama aliyeingia studio ana miaka ya kutosha anatoka kama binti yake, na anawaambia majirani zake wote waje kwangu.

Sikufundishwa na mtu. Nilijifunza kwenye kijitabu kisicho na jalada nilichokipata kwa fundi redio mmoja, na kurasa za mwisho zilikuwa zimechanwa. Ndiyo maana nilikuwa kijana wa wasiwasi. Mtu aliyefundishwa anajua kosa lipi ni dogo. Mimi kila kosa niliona kubwa. Nilikuwa narudia picha moja ya paspoti mpaka karatasi zinaniishia. Mteja anaondoka ameridhika, mimi nabaki naangalia sikio lake la kushoto kwenye nakala iliyobaki, nikijiuliza kama halikukaa juu kidogo. Nilikuwa siwezi kumwona mtu ana kola iliyopinda nisiinyooshe, hata kanisani. Nikiingia kwa watu nikakuta fremu ya picha imelala upande, mazungumzo siyasikii tena.

Mtu wa namna hiyo ndiye polisi waliyemchukua kuwapigia picha za ushahidi.

Walinichukua kwa sababu hapakuwa na mwingine karibu. Wakati ule tulikuwa bado chini ya Mkoa wa Rukwa, na mtaalamu wa kamera alikuwa mbali. Kwa hiyo likitokea jambo, Koplo Veneranda anakuja mtaani kwangu Majengo na baiskeli yake, anaiegemeza kwenye nguzo ya studio yangu na kupiga hodi huku ameshaingia.

Huyu Koplo Veneranda ni mwanamke ambaye mpaka leo namheshimu kuliko walimu wote walionipiga viboko shuleni. Alikuwa mpelelezi. Alitoka Ufipa, mwembamba, mwenye sauti ya chini, na kwenye mkoba wake hapakukosa rula ya mbao ya shuleni na mahindi ya kukaanga. Akifika mahali penye tukio alikuwa anasimama mlangoni, anatafuna mahindi yake, haongei. Wenzake wanaingia, wanatoka, wanaulizana maswali, yeye kasimama tu. Nilidhani ni uvivu. Baadaye nilikuja kugundua kwamba akimaliza kutafuna anaweza kukuambia kila kitu kilichomo chumbani na kila kitu ambacho kingepaswa kuwemo na hakimo.

Siku ninayoisema alikuja na kijana mmoja mrefu, Msukuma, anaitwa Jilala. Alikuwa mchungaji. Alikuwa anachunga ng'ombe wa Bwana Kapele upande wa Kibaoni, na Bwana Kapele mwenyewe alikuwa na duka hapa Majengo, mtu anayejulikana. Jilala aliletwa Mpanda juu ya magunia ya mahindi kwenye lori. Upande mmoja wa uso, kuanzia chini ya jicho mpaka taya, alikuwa na jeraha.

Jeraha lenyewe lilikuwa la ajabu. Halikuwa mkato mmoja. Vilikuwa vidonda vidogo vilivyopangana kwa mstari, viwili viwili, kama mtu kampitishia jongoo mwenye miguu ya moto.

"Mnyororo wa baiskeli," Koplo aliniambia. "Anasema tajiri wake alimpiga kwa sababu mtamba mmoja amepotea. Tajiri anasema kijana alikimbiza ndama, akaanguka korongoni kwenye mawe."

"Mwangaluka, baba," Jilala akanisalimu, kwa upande wa mdomo uliokuwa mzima. Halafu macho yake yakaenda ukutani, kwenye koti la studio. Nyie hamkuyakuta haya: kila studio ilikuwa na koti na tai ya kuazima wateja, na koti langu lilikuwa jeusi, zuri, limefungwa pini mgongoni ili liwakae wembamba na wanene. "Lile koti la nani?"

"La wateja."

"Mimi si mteja?"

Koplo akacheka. "Leo wewe ni ushahidi, ndugu yangu. Kaa hapo. Fundi, mpige mzima mzima. Halafu uso. Halafu shavu lenyewe, kwa karibu, na rula hii pembeni."

"Rula ya nini, afande?"

"Ya kupimia."

"Itaharibu picha."

"Piga, Leonsi."

Nikapiga. Na wakati nazungusha filamu, yeye akanieleza jambo ambalo nililisikia kwa masikio tu, halikuingia ndani. Alisema fomu ya hospitali imeandika jeraha la shavuni, basi. Haikuandika lina umbo gani. Kesi itakapokuja kusikilizwa shavu litakuwa limeshafunga, na vidonda vyote vitakuwa kovu moja. "Umbo la hili jeraha," alisema, "litabaki kwako peke yako."

Jilala alikuwa anatusikiliza. Akasema, bila kulalamika, "Mimi nikionekana mwongo, nani atanipa ng'ombe wake nichunge? Kule Mpimbwe ninakochunga habari inakwenda haraka kuliko lori."

Hilo ndilo lililokuwa hatarini, vijana wangu. Kijana hana shamba, hana duka. Ana neno lake, na watu wanaomwamini kwa neno hilo wanampa ng'ombe. Likivunjika, hana kazi popote kuanzia Kibaoni mpaka Majimoto.

Na mimi nikaenda kulivunja kwa penseli.

Mtaniuliza, ulikuwa unafikiri nini? Nimejiuliza sana. Kwanza, mazoea. Mkono ulikuwa umezoea. Ukiona kidirisha kwenye shavu unakiziba kabla kichwa hakijauliza. Pili, nilimhurumia. Alikuwa ametamani koti na hakupewa. Lakini sababu kubwa, na hii nimechelewa kuikubali, ni kwamba nilidhani mahakama ni mahali pa heshima. Mtu haendi mahakamani na shati chafu. Basi nikaona si vizuri apelekwe mbele ya hakimu na uso ule. Nikamwandaa. Kwenye ile ya mzima mzima uso ulitoka mdogo mno, vidonda havionekani; ile picha ya uso nikaiziba vidonda vyote, na ile ya karibu nikaiziba, halafu nilipoisafisha nikaikata kwa umbo la yai, pembeni inafifia taratibu kama ukungu. Rula ikabaki nje ya yai. Nikazitia kwenye bahasha, nikagundisha, nikaipeleka kituoni. Koplo alikuwa ametumwa Inyonga kwa shughuli nyingine, kwa hiyo bahasha ikaingia kwenye jalada la kesi haijafunguliwa.

Kabla sijaigundisha Jilala alipita studio akaziona. Alishika ile ya yai kwa ncha za vidole. "Huyu ni mimi?" akasema. "Mama angeona hii!"

Mnaona? Mteja wangu wa kwanza wa polisi aliridhika kabisa.

Siku ya kesi nilifunga studio. Nitawaambia ukweli: nilikwenda kusikia picha zangu zikisifiwa. Nilivaa shati jeupe, nikakaa benchi la nyuma, nikasubiri. Mwendesha mashtaka, inspekta mmoja mnene mwenye haraka, akachana bahasha pale pale na kumpa karani, karani akampa hakimu. Hakimu akaweka miwani. Akaitazama picha. Akamtazama Jilala, ambaye sasa shavu lilikuwa limefunga na kovu limekaa kama kamba moja nene. Akarudi kwenye picha.

"Inspekta," akasema, "huyu ndiye aliyejeruhiwa, au huyu ndiye anayekwenda kuposa?"

Watu walicheka mpaka karani akagonga meza. Bwana Kapele hakucheka. Alisimama kwa adabu, mikono mbele, akaomba kusema. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayewaonea wengine huruma. "Mheshimiwa, mimi sitaongeza neno. Picha ni ya polisi wenyewe. Siku waliyompiga picha shavu lake lilikuwa zima. Kama baadaye alijikata, mimi sijui."

Hapo ndipo nilipoelewa nilichofanya. Sikuwa nimemnyima Jilala ushahidi tu. Nilikuwa nimemtengenezea adui yake ushahidi.

Hakimu akaweka fomu ya hospitali huku, picha huku. "Hii inasema jeraha. Hii inasema hakuna jeraha. Kimoja kinadanganya." Nilisimama. Nilitaka kusema ni mimi. Nikakaa tena kama mtu aliyesimama kujinyoosha mgongo. Hakimu akaahirisha kesi na kuagiza mpiga picha aletwe kikao kijacho na filamu yake.

Nje, chini ya ukingo wa paa la mahakama, Koplo Veneranda alinisubiri. Hakunifokea. Heri angefoka.

"Umefanya nini, Leonsi?"

"Nimemsafisha uso, afande. Kwa penseli. Nilidhani..."

"Ulidhani nini?"

"Nilidhani apendeze."

Jilala alikuwa amesimama pembeni yetu na fimbo yake. Alinitazama kwa upole ambao sikustahili. "Nilipendeza kweli," akasema. "Lakini baba, mimi nilipigwa."

Sentensi ile niliendelea kuisikia kila niliposhika uso wa mtu kwenye kioo.

Basi nikaanza kuhangaika, kama kawaida yangu. Nikamwambia Koplo penseli inafutika. Pamba na tapentaini kidogo, dakika chache, naisafisha upya, jioni namletea picha yenye jeraha lote. Nilikuwa nimeshaanza kutembea. Akanishika mkono wa shati.

"Usiiguse."

"Lakini afande, chini ya penseli jeraha lipo!"

"Najua lipo. Nililiona. Lakini ukiingia humo ndani peke yako na picha haina jeraha, ukatoka na picha yenye jeraha, nani atajua umefuta au umechora? Kapele atasema umechora, na mimi nikiwa hakimu nitamwamini Kapele." Akaniachia shati. "Ulichofanya ukiwa peke yako, utakirudisha watu wakikuona."

Alikuja studio, akachukua negativu, akaitia kwenye bahasha, akasaini mahali pa kufungia, akanifanya nisaini na mimi, halafu akaipeleka kwa karani wa mahakama naye akasaini. Tangu siku ile nimekuwa nikistaajabia akili ya yule mama. Mimi niliwaza jinsi ya kurekebisha picha. Yeye aliwaza jinsi watu watakavyoweza kuiamini.

Kusubiri kikao kile kulinikondesha. Maana kulikuwa na jambo ambalo sikumwambia Koplo: sikukumbuka kama nilitumia na wembe. Penseli inaongeza kitu juu ya negativu, na kilichoongezwa kinafutika. Lakini mahali panapong'aa vibaya, labda jasho, sisi tulikuwa tunapakwaruza kwa ncha ya wembe, na kilichokwaruzwa hakirudi. Shavu la Jilala lilikuwa na jasho siku ile. Je, nilikwaruza? Nilikuwa napika ugali, nakumbuka wembe, naacha mwiko. Nilikwenda kuutafuta wembe wenyewe na kuuangalia, kana kwamba ungeniambia.

Kikao kilipofika niliapishwa, nikaeleza yote: vanishi, penseli, yai. Wakati naeleza yai watu walicheka tena. Kisha Koplo akamnong'oneza inspekta, inspekta akaomba mahakama ihamie studio kwangu ili kila kitu kifanyike hadharani. Hakimu akafikiri, akavua miwani. "Sijawahi kuona picha ikizaliwa," akasema. "Twendeni."

Nyie hamtaamini. Mahakama ilitembea kwa miguu mpaka Majengo. Hakimu mbele, karani anasukuma baiskeli yake yenye majalada kwenye keria, Bwana Kapele na askari, Jilala, mimi, na nyuma yetu nusu ya soko. Wauza nyanya wakawa wanaulizana, "Nani kafa?"

Nje ya studio, juani, mezani, hakimu alikagua saini tatu na kufungua bahasha. Nikalowesha pamba. Nilitaka kuanza kwa haraka hata Koplo akasema polepole, "Taratibu, fundi. Halikimbii." Nikapitisha pamba mara moja. Ikawa ya kijivu.

"Hiki nini?" hakimu akauliza.

"Penseli, mheshimiwa. Ni yangu."

"Endelea."

Nikaendelea mpaka pamba ikatoka nyeupe. Hapo ningeweza kuinua negativu kwenye jua nikaona mwenyewe kama nilikwaruza au la. Sikuthubutu. Niliipeleka ndani kama ilivyokuwa.

Chumba changu cha giza kilikuwa cha kutosha mtu mmoja na wasiwasi wake. Tuliingia watano: hakimu, karani, Koplo, Bwana Kapele na mimi. Mchana umeme wa mji kwa kawaida haukuwepo, kwa hiyo mashine yangu ya kukuzia niliielekeza kwenye tundu la ukuta, na nje mtu anashika kioo kirushe jua kwenye tundu. Siku ile aliyeshika kioo ni inspekta. Nilimsikia nje anamwambia mtu, "Usinisukume, nimeshika jua la serikali." Ndani kulikuwa na tochi niliyoifunga kitambaa chekundu. Dawa ilinuka. Hakimu akapiga chafya.

Safari hii sikukata yai. Nilitoa picha nzima, kona mpaka kona. Nikaitumbukiza karatasi kwenye sinia la dawa, nikaanza kulitikisa polepole. Karatasi ilikaa nyeupe. Niliona nyuso zao nyekundu zikiinama juu ya sinia.

"Mheshimiwa," karani akanong'ona, "inakuja."

Nywele zilikuja kwanza. Halafu jicho. Halafu pembeni tarakimu, na mistari midogo midogo.

"Ile nini?"

"Rula, mheshimiwa."

Halafu, chini ya jicho, vikaanza kutokea. Kidoti, na mwenzake. Na vingine viwili. Na vingine, vinashuka kuelekea taya, kama mbegu zilizodondoshwa kwenye mtaro, viwili viwili, vinazidi kukolea kadiri nilivyotikisa. Hakuna mahali palipokuwa pamekwaruzwa. Nilikuwa sijatumia wembe. Nilishika ukingo wa meza.

Sijui kama mnaweza kulielewa jambo hili nyie ambao picha yenu inatokea kabla hamjashusha mkono. Watu watano tulisimama tunatazama kitu kilichotokea kweli kikirudi chenyewe kwenye maji, na mmoja wetu ndiye aliyekitenda. Bwana Kapele alipumua kwa nguvu puani. Nilihisi joto la mwili wake pembeni yangu, na nilisikia ameacha kutazama.

Tulitoka nje na picha mbichi juu ya kioo. Jilala aliinama akaiangalia. Safari hii hakutaja mama yake. Aligusa shavu lake tu. Hakimu akamwambia karani alete baiskeli yake. Koplo akatoa rula mkobani, akaiweka kwenye mnyororo, halafu hakimu akasoma nafasi kati ya pini na pini, akaja kwenye picha, akasoma rula iliyomo ndani ya picha, akarudi kwenye mnyororo. Alifanya hivyo mwenyewe, bila haraka, soko zima likimtazama.

"Korongo halina mnyororo," akasema.

Aliporudi mahakamani alisema na jambo jingine ambalo nataka mlishike. Alisema picha hii haimtaji mtu. Haisemi nani alipiga wala kwa nini. Inasema tu kwamba kijana huyu hakuanguka kwenye mawe. Lakini Bwana Kapele alikuwa ameusimamisha utetezi wake wote juu ya korongo, na korongo lilipoondoka hakubaki na pa kukanyaga. Alitiwa hatiani. Na mimi hakimu alinitazama juu ya miwani: "Fundi, za harusi pamba upendavyo. Huku kwangu usipambe."

Koplo Veneranda hakuniacha. Hili linanishangaza mpaka leo. Angeweza kutafuta mwingine, hata kwa kumsafirisha. Alisema, "Sasa wewe unajua kosa linavyokuwa. Nikimleta mpya itabidi nisubiri na yeye akosee." Tulifanya kazi pamoja kwa miaka, na mengi ninayoyajua ni yake.

Yeye ndiye aliyenifundisha kupiga kutoka mbali kabla ya karibu, ili anayetazama ajue kitu kilikuwa wapi. Yeye ndiye aliyenikataza kusogeza hata kiti. Mara moja tulikwenda Majimoto, ng'ombe wa mtu walikuwa wameingia kwenye mpunga wa mama mmoja na haijulikani walitokea upande gani. Nikafika saa sita, jua utosini, nikainua kamera. "Shusha," akasema Koplo. "Jua la utosini linajaza mashimo. Huoni kwato, unaona matope tu." Tukakaa. Mimi nikahangaika, wingu likija je? Yeye akatafuna mahindi. Jua lilipolala upande, kila alama ya kwato ikajaa kivuli chake, na njia nzima ya wale ng'ombe ikaonekana mpaka mwanya wa ua walikopitia.

Siku hiyo hiyo mwenye shamba alipoona kamera alikimbia nyumbani, akarudi amevaa kitenge kipya, akasimama wima mbele ya mpunga uliolala. Nikamtazama Koplo. "Mpige," akasema. "Hiyo ni yake, mpe. Halafu mwombe asogee, upige ya mpunga." Aliona kwamba yule mama ana haki ya picha mbili, na kwamba zisichanganywe. Mimi peke yangu nisingeliona hilo.

Koplo alistaafu kabla yangu, akarudi kwao Ufipa. Rula yake aliniachia. Ninayo.

Na Jilala? Alipata ng'ombe wa kuchunga, tena wengi, maana habari ya mahakama kutembea kwa miguu ilifika Kibaoni kabla yake. Baada ya muda alikuja studio na binti mmoja, wamependeza. Safari hii alilivaa koti bila kuniuliza, na pini nilimfunga mwenyewe. Niliposafisha ile picha nilimwita. Kovu lilikuwa limekaa pale, kamba nene shavuni. Nilijiandaa kwa maneno mazito. Nikamwambia, "Jilala, hili kovu nimeliacha. Sitaligusa tena."

Akanitazama kama mtu aliyetukanwa. "Unaliachaje? Fundi, hii si ya polisi, hii ni ya harusi! Ondoa bwana!"

Bibi harusi akacheka mpaka akajifunika uso kwa khanga. Nikachonga penseli, nikakaa kwenye kioo, nikamfanya mzuri kuliko alivyowahi kuwa.

Basi vijana, sisemi msipambe. Mkipamba, ile ya mwanzo iacheni palepale ilipo, na mjue ipi ni ipi.

Siku hizi Mpanda ni makao makuu ya mkoa. Studio yangu ni duka la simu, chumba cha giza wanaweka maboksi, na polisi wana kamera zao. Mimi mpaka nilipofunga kazi nilikuwa na makopo mawili ya negativu. Kopo la harusi limejaa penseli. Kopo la polisi, baada ya Jilala, halina doti hata moja: kila kilichoingia kwenye kamera kilitoka vilevile, na kola zilizopinda niliziacha zimepinda.